Mchoraji naye ni shahidi

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tunaitumia ngomani, harusini na hata katika viwanja vya mpira, na maana yake haimfichiki mtu: anayecheza mbele ya watu wake ana haki ya kutazamia tuzo kutoka mikononi mwao. Leo tunapenda kuuliza swali ambalo methali hiyo haikulijibu. Je, aliyecheza ugenini, lakini ngoma aliyoicheza ni ya kwao, na wanaotajwa katika wimbo wake ni rafiki zake waliouawa, huyo atunzwe na nani?

Hatuulizi kwa mafumbo. Tunamfikiria Rupert Bazambanza, mchora vibonzo Mnyarwanda aliyezaliwa mwaka 1975. Alinusurika katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na mwaka 1997 akahamia Kanada. Huko Montreal, mwaka 2004, kitabu chake kiitwacho Sourire malgré tout, yaani kutabasamu licha ya yote, kilitolewa na Les Éditions Images. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kiingereza, kikaitwa Smile Through the Tears. Hadithi aliiandika mwenyewe na picha alizichora mwenyewe. Kitabu hicho hakikupitia katika nyumba kubwa za vibonzo za Paris na Brussels, zenye fedha za kutangaza na maduka ya kuuzia kila mji. Kilikuwa kazi ya msanii wa kujitegemea, mgeni katika nchi ya baridi, aliyeamua kwamba aliyoyaona Kigali hayatakufa pamoja naye.

Kitabu chenyewe kinaeleza habari za familia moja ya Kigali iliyokuwa na urafiki naye, familia ya Rwanga. Walikuwapo Charles na mkewe Rose, na watoto wao watatu, Wilson, Degroot na Hyacinthe. Katika watu hao watano ni mama peke yake aliyebaki hai. Serikali ya Rwanda huhesabu kuwa zaidi ya watu milioni moja waliuawa katika muda wa siku 100 hivi, kuanzia tarehe 7 Aprili mwaka ule. Hesabu ya namna hiyo akili ya binadamu haiwezi kuibeba. Mtu akiisoma huinamisha kichwa kwa huzuni, kisha hugeuza ukurasa. Lakini watu watano wa nyumba moja, wenye majina na nyuso, hao hawapitiki kwa urahisi. Msomaji akiwa amekaa nao mezani, akawaona wakizungumza na kutaniana, siku wanapokuja wauaji yeye naye huwa ndani ya nyumba ile.

Yafaa ieleweke kwamba mambo haya si ya kubuni. Tarehe 22 Aprili 1994 Charles na wanawe wawili wa kiume walichukuliwa pamoja na wakimbizi wengine kutoka CELA, kituo cha mafunzo ya lugha za Kiafrika kilichokuwa katikati ya mji wa Kigali, wakauawa. Tarehe 14 Julai 2009, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, Tanzania, ilimtia hatiani Kanali Tharcisse Renzaho, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa jiji la Kigali wakati wa mauaji, na mauaji ya CELA yalikuwa miongoni mwa makosa yake. Rufaa yake ilipoamuliwa mwaka 2011, kifungo cha maisha kilibaki pale pale.

Hebu tuitazame miaka hiyo. Kitabu cha vibonzo kilitoka mwaka 2004. Hukumu ilitoka mwaka 2009. Kwa miaka mitano kabla mahakimu hawajaweka muhuri wao, wino wa mchoraji ulikuwa umekwisha kukauka juu ya karatasi. Hatusemi kwamba mchoraji ni hakimu, wala kwamba kitabu chaweza kushika nafasi ya mahakama. Mahakama ina kazi yake: kuuliza nani aliamuru, lini, wapi, na kwa ushahidi gani. Lakini katika majalada ya mahakama Charles Rwanga yumo kwa sababu aliuawa. Katika kitabu cha Bazambanza yumo kwa sababu aliishi. Taifa linalotaka kukumbuka watu wake kwa haki linahitaji vitu hivyo vyote viwili, na lisiposhika hicho cha pili litawajua wazee wake kwa namna ya vifo vyao tu.

Tena kuna jambo katika kazi ya kuchora ambalo wengi wetu hatujalifikiria vya kutosha. Mwandishi wa maneno aweza kuandika kwamba watu wengi walikusanyika mlangoni, akaendelea na safari yake. Mchoraji hana njia hiyo ya mkato. Hana budi kuamua mlango ulikuwa upande gani, nani alisimama mbele, nani alimshika mtoto mkono, na kila mmoja alikuwa na uso wa namna gani. Neno "wengi" halichoreki. Huchorwa mtu mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Kwa hiyo mchoraji aliyeshuhudia huwarudia wafu wake mmoja mmoja, akawatazama kwa muda wote ambao kalamu inahitaji kutembea. Hiyo ni kazi nzito kuliko wanavyodhani wanaonunua kitabu na kukimaliza kwa jioni moja.

Wapo watakaotuambia kwamba vibonzo ni mchezo wa watoto, na kwamba jambo zito kama mauaji ya kimbari lisitiwe katika vyumba vidogo vya picha pamoja na viputo vya maneno. Kwa watu hao tunalo jibu, nalo ni la uchungu. Adui wa wananchi wa Rwanda hawakuvidharau vibonzo. Gazeti la Kangura, lililoanzishwa mwaka 1990, lilichapa michoro pamoja na makala zake za chuki, na ndani ya michoro hiyo Watutsi walidhihakiwa na wanawake wa Kitutsi wakavunjiwa heshima. Wenye gazeti walijua vyema kwamba picha humfikia hata asiyejua kusoma, na kwamba kicheko hufungua mlango ambao hoja ingeukuta umefungwa. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ile ile ya Arusha ilimtia hatiani mhariri wa Kangura, Hassan Ngeze, pamoja na wakuu wawili wa redio ya RTLM. Kifungo cha maisha alichopewa Ngeze kilipunguzwa kikawa miaka 35 katika rufaa ya mwaka 2007, lakini fundisho halikupunguzwa.

Basi ikiwa mchoro uliweza kumfanya jirani aonekane si mtu, ni nani atakayesema kwamba mchoro hauwezi kumrudishia jirani utu wake? Kalamu ni ile ile na karatasi ni ile ile. Mwaka mmoja tu baada ya hukumu ya Kangura, Mnyarwanda aliyenusurika aliichukua silaha iliyotumiwa dhidi ya watu wake, akaigeuza kuwa ukumbusho wao. Jambo hilo peke yake lingetosha kumpa mahali katika historia ya sanaa ya Afrika Mashariki.

Dunia nayo imekwisha kulitambua hilo kwingineko. Huko Marekani, Art Spiegelman aliyachora maisha ya baba yake, Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz. Hakuanza katika shirika kubwa. Kuanzia mwaka 1980 sura za hadithi yake, Maus, zilitoka katika Raw, jarida ambalo yeye na mkewe Françoise Mouly walilichapisha wenyewe. Vitabu viwili vilivyotokana na kazi hiyo vilitoka mwaka 1986 na 1991, na mwaka 1992 akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Leo hakuna mtu mzito wa akili anayesema kwamba kitabu kile ni mchezo wa watoto. Mwenzake wa Kigali alifuata njia iliyo karibu na hiyo, lakini jina lake wangapi kati yetu tunalijua?

Kwa haki yatupasa kusema kwamba Bazambanza hakuachwa na walimwengu wote. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuelimisha watu juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ulitoa kitabu chake kingine cha picha, Tugire Ubumwe, jina la Kinyarwanda lenye maana ya "tuwe na umoja". Yafaa pia tukubali kwamba wageni wengi wamechora habari za Rwanda kwa heshima. Mbelgiji Jean-Philippe Stassen alitoa Déogratias mwaka 2000. Mwenzetu wa Kongo, Pat Masioni, alikuwa mchoraji wa Rwanda 1994, hadithi iliyotoka kwa Kifaransa kuanzia mwaka 2005. Wafaransa Patrick de Saint-Exupéry na Hippolyte walitoa La Fantaisie des dieux mwaka 2014. Hatuwalaumu hata kidogo. Tunachouliza ni kwa nini vitabu vyote hivyo, pamoja na cha Mnyarwanda mwenyewe, vilizaliwa ng'ambo, katika lugha za ng'ambo, kwa bei ya ng'ambo, na kwa nini sisi tunaoishi chini ya vilima hivyo tunavisikia kwa sifa tu.

Sababu moja ni kasumba. Tulifundishwa kwamba vibonzo ni kitu cha Wazungu, na kwamba Mwafrika katika vibonzo ni wa kuchekwa, kama alivyochorwa na Hergé katika safari ya Tintin huko Kongo mwaka 1930 na 1931. Ukweli ni kwamba eneo letu lina mila yake katika sanaa hii, na mila hiyo ilikuzwa hasa na magazeti ya lugha za wananchi. Watanzania wa makamo hawahitaji kuelezwa Chakubanga alikuwa nani. Alichorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Wakenya walimsoma Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo kwa miaka mingi. Jarida la Sani la Dar es Salaam lilimlea Philip Ndunguru, kijana aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado hajatimiza nusu ya yale aliyokuwa nayo mkononi. Wachoraji hao walikuwa na wasomaji kwa sababu gazeti liliwapa nafasi kila wiki au kila siku, katika lugha ambayo kila mtu wa sokoni aliielewa.

Na asiyekuwa na gazeti wala shirika, tumtazame Papa Mfumu'eto wa Kinshasa. Kuanzia miaka ya 1990 alijichapishia vijitabu vyake mwenyewe, kwa Kilingala, kwenye karatasi duni, vikauzwa masokoni kwa bei ambayo mwananchi aliimudu. Huyo alionyesha kwamba msanii wa kujitegemea aweza kuwafikia watu wake bila ya kuomba ruhusa Ulaya. Lakini leo anayetaka kusoma hifadhi kubwa ya karatasi zake hana budi kwenda Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Tunawashukuru Wamarekani kwa kuzitunza. Wakati huo huo tunaona haya, kwa kuwa kitu kilichonunuliwa na watoto wa Kinshasa kwa senti zao hakikupata kabati la kukihifadhi karibu na kwao.

Kujitegemea ni neno tunalolipenda sana Afrika Mashariki, na tuna sababu ya kulipenda. Lakini kujitegemea si kutelekezwa. Mchora vibonzo asiye na mwajiri huandika hadithi, hugawa ukurasa, huchora kwa penseli, hurudia kwa wino, huandika maneno na kutia rangi; ukurasa mmoja unaosomwa kwa nusu dakika waweza kumla siku kadhaa. Akimaliza hugeuka kuwa mtafuta mtambo wa chapa, kisha mchukuzi, kisha mchuuzi wa vitabu vyake mwenyewe. Katika muda huo wote kodi ya nyumba haimsubiri. Wengi huishia kuchora matangazo ya sabuni na mabango ya kampeni, si kwa kupenda, bali kwa kuwa matangazo hulipa mwisho wa mwezi. Hivyo ndivyo hadithi zinavyokufa bila ya kuchorwa, na hakuna msiba unaotangazwa.

Huko Kigali jambo hili lina uzito wake wa pekee. Wengi wa Wanyarwanda wa leo walizaliwa baada ya mwaka 1994. Kijana wa sekondari hupita kila siku karibu na kanisa la Sainte-Famille katikati ya mji akielekea stendi, na mahali pale wakimbizi walijificha na wengine wakatolewa kwenda kuuawa. Katika Ukumbusho wa Gisozi, uliofunguliwa Aprili 2004, mwaka ule ule kilipotoka kitabu cha Bazambanza, wamelazwa zaidi ya watu 250,000. Kijana huyo hupelekwa Gisozi na walimu wake, husikiliza, hulia, na hurudi nyumbani. Je, nyumbani ana nini cha kushika mkononi? Kitabu cha picha, chenye mitaa anayoijua na majina yanayofanana na ya wajomba zake, chaweza kukaa naye chini ya mto usiku, akakirudia polepole kwa kadiri moyo wake unavyoweza kubeba. Hakuna hotuba, hata iwe nzuri namna gani, inayoweza kumpa msikilizaji uhuru huo wa kusimama, kufunga, na kufungua tena.

Kwa sababu hizo, maoni yetu ni haya. Kwanza, wizara zinazohusika na elimu na utamaduni katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinunue vitabu vya wachora vibonzo wa kwetu kwa ajili ya maktaba za shule. Serikali ikiagiza nakala elfu chache tu, mchoraji hupata uhakika wa kulipa mtambo wa chapa, na bei ya kitabu hushuka kwa wanunuzi wengine. Pili, vitabu hivi vichapwe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Rwanda ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Lugha rasmi isiyokuwa na hadithi za kusomwa na vijana itabaki kuwa lugha ya mabango ya ofisini. Kigali ina wachapishaji wenye uzoefu, kama vile Editions Bakame, ambao tangu mwaka 1995 wamekuwa wakiwatolea watoto vitabu vya Kinyarwanda. Tatu, magazeti, nasi tukiwamo, yarudishe nafasi ya hadithi za picha zinazoendelea toleo kwa toleo, na yamlipe mchoraji kama yanavyomlipa mwandishi. Nne, hifadhi zetu za taifa zianze kuweka michoro ya asili ya wasanii hawa, kabla ya panya na mvua, au kabla ya mgeni mwenye kuona mbali kuliko sisi.

Tunajua kwamba liko pingamizi moja ambalo halifai kupuuzwa. Wengine watauliza: serikali ikianza kumnunua mchoraji, je, haitamnunua yeye pamoja na kalamu yake? Swali hili ni la haki, na anayeandika katika gazeti la umma ana wajibu mkubwa zaidi wa kulijibu. Sisi tunaamini kwamba shahidi anayeelekezwa la kusema si shahidi tena. Msaada tunaoutaka ni wa kununua kazi iliyokwisha kufanywa, kuihifadhi na kuisambaza. Usiwe wa kumwamuru mtu achore nini. Sheria ya nchi iwakamate wanaotumia mchoro kuchochea mauaji, kama Arusha ilivyofanya; zaidi ya hapo kalamu iachwe mikononi mwa mwenyewe. Thamani yote ya kitabu cha Bazambanza ni kwamba hakuna ofisi iliyomtuma. Alitumwa na watu wanne waliokufa na mama mmoja aliyebaki.

Tulianza na methali, nasi turudi huko huko. Mcheza kwao hutunzwa, na huyu alicheza mbali. Lakini kwao kwa mchoraji ni pale zinapojulikana nyuso anazozichora. Siku mtoto wa Nyamirambo au wa Kimironko atakapokitoa kitabu hicho katika kabati la shule yake, akakisoma kwa lugha ya mama yake au kwa Kiswahili, ndipo Bazambanza atakapokuwa amecheza kwao. Tuzo yenyewe si kubwa: ni kabati, kitabu, na msomaji. Vyote vitatu viko ndani ya uwezo wetu.